Vanila wakati wa kiangazi: funika miguu, acha kichwa kisikie kiu



Siku moja, tulipokuwa tunatembelea mashamba, mama mmoja alinionyesha vanila yake na kuniuliza: "Agronome, mvua imekatika, hii kamba imeanza kulegea. Nimwagilie maji kila siku, ao niache Mungu afanye?" Nikamjibu: yote mawili, lakini si mahali pamoja. Akacheka. Nafafanua hapa, maana naona swali lile ni la wengi.

Tukumbuke kwanza vanila ni nini. Si mmea wa kutambaa tu sawa maharagwe. Ni okide, ni ndugu ya yale maua ambayo wazungu wanafuga katika vyungu ndani ya nyumba. Kule, wakati wa baridi, anayejua kuyatunza anapunguza maji, kwa sababu okide nyingi zinataka muda wa kupumzika mbele ya kutoa maua. Sisi huku Beni, Butembo na Lubero hatuna theluji. Mapumziko ya vanila yetu ni kiangazi: mwezi wa kwanza na wa pili, kisha tena mwezi wa sita na wa saba. Kiu kidogo ndicho kinachoiamsha itoe maua mvua inaporudi. Ukiinyima kiu kabisa, utavuna majani.

Nasema hivyo kwa kuwa yalinipata. Nilipomaliza masomo ya agronomia, nilipanda kamba kama ishirini kwa baba mdogo. Kiangazi kilipofika nikabeba maji kila jioni, kidumu kwa kidumu, nikijiona fundi kabisa. Kamba zilinona, zikapanda mpaka juu ya miti, za kijani muzuri. Maua? Hakuna hata moja. Jirani ambaye hakumwagilia kitu alichavusha asubuhi nyingi. Baba mdogo hajasahau mpaka leo.

Sasa, miguu. Mizizi ya vanila haishuki mbali. Inatembea juu juu, katika majani yaliyooza, na pale ndipo inapokula na kunywa. Kwa hiyo jembe lisifike pale, hata siku moja. Majani mabaya yang'oe kwa mkono ao yakate na panga juu ya udongo. Mzizi uliokatwa ni mlango wa ule ugonjwa wa kuoza mizizi (fuzario), na kamba iliyoshikwa nao ni vigumu kupona. Wengi wanafikiri kamba iliuawa na jua, kumbe iliuawa na jembe.

Tandaza majani makavu, nyasi, majani ya ndizi ao maganda ya maharagwe kuzunguka kila mti, unene wa kiganja cha mkono. Fanya hivyo udongo ungali na maji, maana yake mwisho wa mwezi wa tano na katika mwezi wa kumi na mbili. Ukifunika udongo uliokwisha kukauka, umefunika ukavu. Usirundike majani mabichi juu ya shina lenyewe, yatapata moto na kuliozesha. Na sababu kiangazi ni wakati watu wanachoma mashamba, safisha njia ya metre tatu kuzunguka shamba lako. Majani makavu uliyotandaza yanawaka haraka, na okide iliyoungua hairudi.

Maji ya kumwagilia ni ya kamba changa, zile ambazo hazijamaliza mwaka: kidogo, asubuhi, juu ya matandazo. Kamba kubwa iache. Ikiwa majani yake yamekunjamana na shina limepata mikunjo mingi, hapo ipe maji mara moja moja, usizoee.

Kivuli nacho kinaharibu wengi. Vanila inataka nusu jua, nusu kivuli. Msikate matawi ya miti ya kivuli kiangazi kinapoanza. Ngojeni mvua irudi. Jani likigeuka manjano upande wa jua, limeungua. Mwenye kutumia glirisidia peke yake ajue kwamba mti huu unaweza kupukutisha majani wakati wa kiangazi, kwa hiyo achanganye na mti mwingine ao migomba michache kando.

Kisha kichwa. Kamba inayopanda tu haitoi maua. Inayoning'inia ndiyo inayotoa. Ishushe juu ya tawi, iwe kwenye urefu ambao mkono wako unafikia. Kwa kamba nene yenye miaka miwili ao mitatu, kata ncha, sentimetre kumi mpaka kumi na tano, wiki sita ao nane mbele ya wakati wa maua. Kamba nyembamba ao yenye ugonjwa usiiguse, iache ipate nguvu. Kisu kipitishe katika moto kila unapohama kutoka kamba moja kwenda nyingine. Ni kazi ya kuchosha, najua, lakini ugonjwa unasafiri na kisu.

Maua yakija, kila ua linafunguka asubuhi moja tu. Wadudu wanaolichavusha wako kwao Mexico, hawako huku, kwa hiyo ni mkono wetu na kijiti. Njia hiyo tunayotumia iligunduliwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion na Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12. Chavusha maua nane mpaka kumi kwa kila kichala, mengine yaache yaanguke. Kamba iliyotoka katika kiangazi imechoka. Ukiibebesha kila ua, maganda yatakuwa mafupi, na mwaka unaofuata haitatoa kitu, ao itakufa kabisa.

Kutoka ua mpaka ganda kukomaa ni karibu miezi tisa. Najua wezi wanafanya wengi wavune mbele ya wakati, lakini ganda bichi halina harufu, na mnunuzi analijua akilishika tu. Panga zamu za kulinda pamoja na majirani mapema, maua yakingali kwenye kamba.

Yule mama alikuwa na majani ya ndizi nyuma ya nyumba. Tulitandaza miti sita siku ile ile, mingine akaimalizia na watoto.