Dondoo muhimu: Mwanafunzi mwenye ulemavu anapoanza chuo kikuu

Kwa wazazi, ndugu na majirani wa Bwiza, Bujumbura.

Njia kwanza. Pita na mwanafunzi kutoka nyumbani hadi kampasi ya Mutanga ya Chuo Kikuu cha Burundi, au chuo chochote alichopata, kabla masomo hayajaanza. Angalia mitaro isiyo na vifuniko, ngazi za madarasa na upana wa mlango wa choo: kiti cha magurudumu huhitaji sentimita 80 hivi. Machi 2022 pikipiki, baiskeli na tuktuk zilizuiwa katikati ya jiji, na basi lililojaa halimsubiri mwenye magongo. Kwa hiyo patana na dereva mmoja wa teksi kwa mwezi, mgawane nauli na wanafunzi wengine wa mtaani.

Ombeni chuo kwa maandishi: darasa la chini, muda wa ziada kwenye mtihani, mkalimani wa lugha ya alama. Taja sheria ya Burundi ya 10 Januari 2018 inayolinda haki za watu wenye ulemavu. Barua ibaki na nakala yenye muhuri. Ahadi ya mdomoni husahaulika kabla ya mtihani.

Asiyeona aweke NVDA kwenye kompyuta. Ni programu ya bure inayosoma kwa sauti maandishi ya skrini, hata ya Kifaransa. Ila picha ya daftari iliyotumwa WhatsApp haiisomi vizuri, kwa hiyo mwalimu atoe maandishi yaliyochapwa.

Na wenzake? Wamuulize anataka kusaidiwa vipi kabla ya kumshika mkono.