Kuomba Uhakika kwa Mungu si Kukosa Imani

SOMO LA ROBO MWAKA KWA KAMATI ZA PAROKIA
Tusome: Mwanzo 15:1-18, Waamuzi 6:36-40, Mathayo 4:5-7



Katika vikao vyetu tumezoea kusikia kwamba mwenye imani haulizi. Mjane akisema anaogopa kesho, au mzazi wa mgonjwa akimwomba Mungu ampe walau dalili, huambiwa imani yake ni haba. Tuipime hukumu hiyo kwa Maandiko.

Abramu aliuliza

Katika Mwanzo 15, mstari wa 6, Abramu anamwamini Bwana na kuhesabiwa haki. Mistari miwili tu baadaye, mtu huyo huyo anamwuliza Mungu atajuaje kwamba nchi itakuwa yake. Mungu hakumkemea, bali alifunga naye agano. Abramu alitoka Harani akiwa na miaka 75, naye alikuwa na miaka 100 Isaka alipozaliwa. Miaka 25 ni mingi kubeba ahadi bila kutaka kutiwa moyo. Gideoni naye aliomba ishara ya ngozi ya kondoo mara mbili, akajibiwa mara mbili.

Majirani zetu wa Kengeja

Kengeja iko Wilaya ya Mkoani, kusini mwa Pemba, na karibu wakazi wote ni Waislamu. Nao wanamjua Ibrahimu. Katika Kurani, sura ya Al-Baqara, aya ya 260, Ibrahimu anamwomba Mungu amwonyeshe jinsi anavyowafufua wafu. Anaulizwa kama hajaamini. Anajibu kwamba ameamini, ila anataka moyo wake utulie, naye anapewa ishara ya ndege wanne. Dini zetu zinatofautiana katika mengi, lakini Mkristo na Mwislamu wakiketi baraza moja wanaweza kuanzia hapa: Ibrahimu aliuliza kwa sababu aliamini. Asiyeamini hana wa kumwuliza.

Kuomba na kujaribu

Watu wa Pemba wanaijua hofu ya bahari. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I, ikitoka Unguja kwenda Pemba huku imejaza kupita kiasi, ilizama, na mamia ya watu walikufa. Safari hazikukoma. Anayepanda chombo bandarini Mkoani huomba dua afike salama. Amekwisha kukata tiketi, na bado anaomba moyo utulie. Hiyo ni imani.

Kupanda chombo kilichozidiwa na abiria kwa kusema Mungu atalinda ni jambo jingine. Yesu alipotakiwa ajitupe kutoka kinara cha hekalu, alikataa kumjaribu Mungu. Anayeomba uhakika yuko tayari kutii. Anayejaribu anataka Mungu amtii yeye.

Kwa kamati na wafadhili

Mtu akija na hofu yake, tusimkatize kwa mstari wa Biblia. Tumsikilize, tuombe naye, kisha tufanye lililo ndani ya uwezo wetu, iwe ni dawa, ada ya mtoto au kuulizia kama chombo kina maboya ya kutosha.

Nanyi wafadhili, mnapouliza sadaka yenu imefanya nini, hatuhesabu kuwa ni dharau. Mmeuliza mkiwa mmekwisha kutoa. Mungu alimjibu Abramu kwa agano. Sisi nasi yatupasa kuwajibu kwa hesabu zilizo wazi.

Maswali ya kujadili

1. Zakaria (Luka 1:18-20) aliuliza swali linalofanana na la Abramu, akawa bubu. Tofauti ni ipi?
2. Ni nani kijijini kwetu anayeogopa kusema hofu yake mbele ya kamati? Kwa nini?
3. Katika mipango yetu, ni wapi tunamwomba Mungu, na ni wapi tunamjaribu?

Tuombe: Ee Mungu wa Ibrahimu, tunakuamini. Itulize mioyo yetu, na ututie nguvu tutende yatupasayo. Amina.