Mkupuo wa Elektroni na Yanayotukia Ndani ya Maji

Mgonjwa anapolala chini ya mashine ya tiba ya mionzi, hahisi kitu. Ndani ya mwili, hata hivyo, mionzi hukutana kwanza na maji, kwa kuwa sehemu kubwa ya seli ni maji. Molekuli zake huvunjika, elektroni hutoka, na radikali za hidroksili huzaliwa na kuishambulia DNA iliyo karibu. Radikali hizo huishi kwa nanosekunde chache tu, yaani sehemu chache za bilioni ya sekunde.

Mambo ya kasi hiyo yalionekanaje? Mwaka 1962, katika Hospitali ya Mount Vernon karibu na London, Edwin Hart na Jack Boag walipiga maji kwa mkupuo mfupi wa elektroni, kisha wakachunguza nuru iliyopita ndani yake. Nuru nyekundu ilikuwa imemezwa. Hiyo ndiyo alama ya elektroni iliyozingirwa na molekuli za maji.

Mkupuo wao ulidumu mikrosekunde kadhaa. Anayetaka kuona tendo fupi zaidi huhitaji mkupuo mfupi kuliko tendo lenyewe, na hapo ndipo ugumu wa ujenzi ulipo: elektroni husukumana, na kadiri zinavyobanwa pamoja ndivyo zinavyotawanyika. Mashine za Brookhaven, Marekani, na Orsay, Ufaransa, hulikabili tatizo hilo kwa leza. Nuru yake hupiga bamba na kung'oa elektroni. Papo hapo mawimbi makali ya redio huzisukuma hadi karibu na kasi ya nuru, ambako msukumano haupati tena nafasi ya kuurefusha mkupuo. Hutoka mkupuo wa pikosekunde chache. Pikosekunde moja ni sehemu moja ya trilioni ya sekunde.

Saa ya kawaida haifai kitu hapa. Sehemu ya nuru ya leza ileile huzungushwa kwa vioo ili ichelewe kufika kwenye maji: njia ikirefuka milimita 0.3, nuru huchelewa pikosekunde moja. Muda hupimwa kwa rula.

Vipimo hivyo hufanywa katika kichupa cha maji, si katika seli hai yenye msongamano wa protini, na tofauti hiyo si ndogo. Hata hivyo, elimu ya matendo ya kasi imewafaa matabibu. Oksijeni hulifanya jeraha la DNA kuwa gumu kutengenezeka, lakini sharti iwepo mionzi inapopiga. Ikichelewa hata sekunde moja haina kazi. Uvimbe uliokosa oksijeni huweza kuhitaji dozi mara mbili hadi tatu. Hii ni mojawapo ya sababu za daktari kupima wingi wa damu ya mgonjwa kabla ya mionzi, wala hasubiri imalizike.