Bao la Kwenye Simu: Kutengeneza Mchezo Ambao Asiyeona Naye Ataucheza



Somo letu la mara hii linahusu michezo. Najua wako watakaonuna: sisi tunahangaika na kisima, mbuzi na deni la kikundi, gemu za simu zatuhusu nini? Nawaomba mvumilie kidogo. Vikundi vingi vya vijana vinaomba kufundishwa kompyuta, na wakishajua kidogo, kitu cha kwanza wanachotaka kukitengeneza ni gemu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwetu Kizingo, na tulikosea vibaya kabla ya kupata.

Kizingo ni upande wa kusini wa kisiwa cha Mombasa, pale penye mibuyu mikubwa na wauza mihogo na madafu kando ya bahari, karibu na feri ya Likoni. Baraza ile ya Mama Ngina ilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2019. Jioni watu hukaa pale kupunga upepo, na vijana wetu walikuwa na bao lao la mbao wanalolibeba kwenye gunia.

Mmoja wao alikuwa bingwa. Akiwa na miaka 19 aliugua macho, na katika muda wa mwaka mmoja hakuona tena. Sisi wazee tulidhani bao limekwisha kwake. Kumbe wapi! Aliendelea kuja, akapapasa mashimo kwa vidole, akahesabu kete na akawafunga wenzake kama kawaida. Mpinzani alipocheza yeye alitega sikio, akajua kete ngapi zimedondoka na mkono umeishia wapi.

Kisha wenzake wakaanza kutengeneza bao la kwenye simu. Mimi ndiye niliyekuwa mlezi wa kikundi. Kazi ilichukua miezi minne, na ilipendeza kweli: rangi ya mninga, kete zinang'aa. Siku ya kwanza tuliyolipeleka baraza, kila mtu alishangilia. Yeye alipopewa simu aliipapasa juu na chini, akaniuliza, "Mjomba, hapa nashika kioo tu. Kete ziko wapi?"

Nikamjibu, "Wewe tutakuwekea baadaye." Akairudisha simu polepole. Gunia la bao likaachwa nyumbani, maana simu ni nyepesi, na baada ya wiki mbili hivi naye akaacha kuja.

Mbao zinasema, kioo kimya

Hebu tutazame vizuri kilichotokea. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu 4 za mashimo 8, na kete 64. Kila mchezaji ana safu zake 2. Vitu hivi vyote vina umbo. Shimo linashikika, nyumba ni tofauti na mashimo mengine, kete zina uzito na mlio. Aliyechonga bao la kwanza hakuwa akiwafikiria wasioona, lakini kazi yake iliwaachia mlango. Sisi tulichukua mchezo uleule, sheria zilezile, tukauhamishia mahali ambapo jicho peke yake ndilo linalopata habari. Ulemavu wake ulikuwa haujabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni ubao.

Simu nyingi za Android zina msaidizi wa sauti aitwaye TalkBack, ambaye yupo tangu mwaka 2009. Ukimwasha, unagusa kitu kwenye kioo naye anakitaja. Ukigonga mara mbili kinafunguka. Asiyeona hutuma pesa na kusoma ujumbe kwa njia hiyo. Kwenye kompyuta kuna NVDA, ambayo hailipiwi, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Waaustralia wawili ambao wenyewe hawaoni. Na hapo ng'ambo ya feri, katika shule ya wasioona ya Likoni, shirika la inABLE lililoanza kazi mwaka 2009 limesaidia kuweka maabara ya kompyuta. Kwa hiyo msiseme ati kompyuta si za wasioona. Tulikuwa tukisema hivyo huku wanafunzi wale wako umbali wa kuvuka maji tu.

Basi kwa nini TalkBack haikulisoma bao letu? Kwa sababu gemu nyingi huchorwa kama picha moja kubwa. Msaidizi wa sauti hawezi kujua kwamba duara lile ni shimo na vidoti vile ni kete. Kwake yote ni karatasi tupu. Vijana walilazimika kuibomoa kazi yao. Safari ya pili walilijenga kama ukurasa wa intaneti wenye vitufe vya kweli, kila shimo kitufe chake na kila kitufe jina lake. Ukigusa, inasema: "Safu ya mbele, shimo la tatu, kete tano." Haikupendeza kama ile ya kwanza. Lakini niseme wazi, naipenda zaidi.

Safari hii tulimfuata kijana wetu nyumbani kabla ya kuandika chochote. Nilimwomba radhi mbele ya mama yake. Alikubali kuja, kwa sharti kwamba asiitwe kujaribu tu kitu kilichokwisha; akae na watengenezaji tangu mwanzo.

Sauti isiyochosha

Jambo la kwanza alilotufundisha ni kwamba sauti ikizidi ni kero. Hebu pigeni hesabu: ikiwa kutaja shimo moja kunachukua sekunde 2, mashimo 32 ni sekunde 64. Nani atakaa zaidi ya dakika nzima akisomewa ubao kila zamu? Mwenye macho anatupa jicho mara moja tu. Kwa hiyo gemu haisomi ubao wote mpaka iombwe. Baada ya kila zamu inasema kilichobadilika tu: mpinzani ameanzia wapi, amekula ngapi, ameishia shimo gani.

Kisha akataka mlio. Kila kete inapodondoka itoe kishindo kidogo, na kwenye visikizi mashimo ya kushoto yasikike sikio la kushoto, ya kulia la kulia. Ni jambo rahisi kwa mwenye kuandika programu, lakini lilirudisha uhai wa baraza. Alipolisikia mara ya kwanza alicheka akasema, "Sasa nimekaa kitako."

Kuhusu lugha, simu huweza kusoma Kiswahili kwa sauti yake yenyewe, ila vijana waliona inasoma kama karani aliyechoka. Wakarekodi sauti ya bibi mmoja wa mtaani. Mkidhani ni kazi kubwa, oneni uzuri wa namba zetu: maneno ya moja hadi tisa ni 9, kumi, ishirini, thelathini, arobaini, hamsini na sitini ni 6, na neno "na" ni 1. Jumla ni maneno 16, na unaweza kutaja idadi yoyote ya kete hadi 64. Ukiongeza "kwanza", "pili", "tupu", "umekula" na machache mengine, umemaliza kwa alasiri moja.

Kulikuwa na ubishi mmoja uliochukua Jumamosi nzima. Mashimo ya mpinzani yahesabiwe kutoka kushoto kwake au kushoto kwangu? Wenye macho walitaka kila mtu ahesabu kwa upande wake. Kijana wetu alikataa: "Mkono wangu ukivuka ubao unaanzia kushoto kwangu. Mimi sijageuka nikakaa kwake." Hakuna kati yetu ambaye angelijua hilo kwa kufumba macho dakika kumi. Ndiyo sababu siamini sana zoezi la kujifunga kitambaa. Linakufundisha hofu ya mtu aliyezimiwa taa ghafla, halikufundishi ustadi wa mtu aliyezoea.

Mwenye mkono mmoja, au kidole kimoja

Baadaye alikuja dada mmoja ambaye mikono yake haimtii vizuri. Anaweza kubonyeza, lakini hawezi kulenga. Kwa mtu kama huyu gemu inaweza kuteua yenyewe: mwanga unapita shimo baada ya shimo, naye anabonyeza ukifika anapotaka. Hapa napo kuna hesabu. Mashimo yake ni 16. Mwanga ukipita moja moja, kwa wastani atangoja hatua 8 na nusu, na kwa shimo la mwisho hatua 16. Mkiyagawa katika mafungu 4 ya mashimo 4, achague fungu kwanza kisha shimo, wastani unashuka hadi hatua 5 na mwisho ni 8. Tena wakati wa kunamua mchezaji anaweka kete kwenye safu ya mbele, basi mwanga usipoteze muda kwenye safu ya nyuma. Kasi ya mwanga aipange mwenyewe. Na ile saa ya kuhesabu sekunde tuliyokuwa tumeiweka ili mchezo uchangamke, tuliiruhusu izimwe.

Huko ng'ambo makampuni makubwa yameanza kufanya haya. Mwaka 2018 Microsoft ilitoa kidhibiti cha Xbox chenye vitufe viwili vipana na matundu 19 ya kuchomekea swichi za nje, kwa karibu dola 100. Mwaka 2020 ilitoka The Last of Us Part II ikiwa na mipangilio zaidi ya 60 ya kuwasaidia wenye ulemavu, na wako wasioona walioicheza hadi mwisho. Ni mifano mizuri, lakini dola 100 ni pesa nyingi kwa kikundi cha kijijini. Sisi tulichukua mausi ya kompyuta iliyotupwa, tukaunga nyaya mbili kwenye swichi ya kitufe chake cha kushoto, tukazipeleka kwenye kitufe kikubwa kilichofungwa juu ya kifuniko cha ndoo. Mausi inaunganishwa na simu kwa kile kiwaya kifupi cha kuchomekea flashi. Kwa kuwa gemu inahitaji kubonyezwa tu, popote mshale ulipo, inatosha. Fundi wa redio yeyote ataweza kuwasaidia.

Macho yanayoona, na masikio yasiyosikia

Haya nitayapitia upesi, ingawa ni ya lazima. Rangi isiwe ndiyo habari yenyewe. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya, takriban 1 kati ya 12 huchanganya rangi kama nyekundu na kijani. Kwetu ni wachache zaidi lakini wapo, na wengi wao hawajijui. Tulitia alama: shimo linaloruhusiwa lina duara, lisiloruhusiwa lina msalaba. Maandishi yakuzwe, ya weusi juu ya weupe au kinyume chake, maana jua la pwani saa nane mchana humfanya kila mtu asione simu yake.

Mimuliko msiitie chumvi. Kitu kikimulika zaidi ya mara 3 kwa sekunde kinaweza kumletea mtu kifafa. Desemba 1997 huko Japani, watoto zaidi ya 600 walipelekwa hospitali baada ya katuni moja ya televisheni kumulika nyekundu na buluu kwa kasi. Tulikuwa na mmuliko wa ushindi, tukauondoa.

Kwa viziwi, kila mlio uwe na mwenzake wa kuonekana au mtetemo wa simu. Lakini msidhani maandishi marefu ndiyo dawa. Kiziwi aliyekua na lugha ya ishara husoma Kiswahili kama lugha ya pili. Sheria za bao tuliziandika kurasa tatu. Kiziwi mmoja wa Likoni akatuonyesha kwamba picha sita zingetosha. Alikuwa sawa, na hata wanaosikia walikuwa hawazisomi zile kurasa.

Je, ni fadhila?

Hapana. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kukivuka kikwazo chake, na kutumia lugha ya ishara na Breli. Mkataba wa Umoja wa Mataifa ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 unataja, katika kifungu cha 30, haki ya watoto wenye ulemavu kucheza pamoja na wenzao. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya wenye ulemavu karibu 900,000 kati ya wenye umri wa miaka 5 na zaidi. Hao ni waliohesabiwa; sote tunajua nyumba ambazo mtoto hufichwa karani anapobisha hodi.

Kama kikundi chenu kinataka kujaribu, msianze na kompyuta. Anzeni na bao la mbao, au hata mashimo kwenye mchanga, na mumwalike mtu mmoja wa kijijini mwenye ulemavu anayependa mchezo. Acheni acheze. Mmoja wenu aandike kila anachokishika, anachokisikiliza na anachokiuliza. Orodha hiyo ndiyo itakayoongoza programu yenu. Muulizeni pia nauli yake na siku inayomfaa. Sisi tulipanga mikutano saa ambazo feri imejaa kupita kiasi, na dada yule akakosa miwili.

Bao la pili bado lina kasoro. Nyumba ikisafirishwa sauti inachelewa, na watu wawili hawawezi kucheza wakiwa mbalimbali. Kijana wetu analishughulikia hilo la kuchelewa. Amejifunza kuandika programu mwenyewe kwa NVDA. Jumamosi hurudi baraza. Wiki iliyopita alikuja na gunia pia, kwa kuwa, alisema, simu yake ilikuwa haina chaji.