SOMO: MSAADA WA MAAFA NA DAFTARI LA MKULIMA



Somo letu safari hii twalichukua mbali, Mkoa wa Manyara huko Bara, kwa wakulima wenzetu wa Hanang. Wao hawachumi karafuu. Hulima ngano, mahindi na maharage, na hufuga ng'ombe kama jirani zao wa Mbulu. Lakini yaliyowafika wao yaweza kutufika na sisi.

Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang iliyolowa maji ilimeguka. Tope, mawe na magogo yakateremka mpaka mji wa Katesh na vijiji vya karibu, kama Gendabi. Watu 89 walikufa, Mwenyezi Mungu awarehemu. Nyumba na mashamba yakafukiwa, na mifugo ikapotea.

Serikali iligharimia mazishi na matibabu, ikaweka kambi, na michango ikaja kutoka kila upande. Kisha Serikali na wahisani, Msalaba Mwekundu miongoni mwao, wakajenga nyumba 109 huko Waret, nazo wenyewe wakakabidhiwa Desemba 2024.

Hapa tutazame vizuri. Nyumba iliyobomoka huacha msingi, na majirani huishuhudia. Lakini shamba lililofunikwa na tope, nani ajuaye lilikuwa na nini? Na ng'ombe aliyechukuliwa na maji haachi alama.

Tena, msaada si fidia. Fidia hulipwa kwa thamani ya kitu. Msaada ni mkono wa kheri, nao una kipimo chake. Chukueni mfano wa wanyama pori wanaoharibu mazao huko Bara. Kanuni za 2011 ziliweka malipo ya shilingi 25,000 hadi 100,000 kwa ekari, tena yasizidi ekari 5. Malipo hayo huitwa kifuta jasho, na jina lenyewe latosha: hufuta jasho, hayarudishi mavuno.

Na sisi je? Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika. Mkarafuu ukianguka leo, mche utakaoushika mahali pake hauzai kabla ya miaka 6 hivi. Siku hizi Zanzibar ina Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa, kwa sheria ya 2015. Lakini afisa akija kuuliza, "Ulikuwa na mikarafuu mingapi?" tutamjibu nini?

Basi kila mwanachama na afanye haya kabla ya vuli:

1. Ahesabu mikarafuu yake, inayozaa mbali na michanga mbali, aandike na tarehe, na sheha aone.

2. Ikiwa hati ya eka tatu ingali kwa jina la marehemu, warithi wakae wapatane mapema. Msaada huwapita wanaogombana.

3. Aliyekodi mikarafuu awe na mapatano ya maandishi, yaseme mti ukianguka hasara ni ya nani.

4. Atunze stakabadhi za karafuu alizouza ZSTC, maana ndizo ushahidi wa mavuno yake.

Asiyejua kuandika aje ofisini, tutamwandikia bila malipo. Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Katibu wenu