Gololi za Mbele, Gololi za Nyuma

Mdogo wangu wa Lamadi, ujumbe wako nimeupata. Chumba cha uani kimejaa spoku, cheni na tairi kuukuu, mama analalamika, nawe unatafuta nati kwa muda mrefu kuliko unaoutumia kuifunga. Pole. Lakini hapo ulipo ni njia panda, barabara ya Mwanza–Musoma inakutana na ile ya Bariadi. Mwenye daladala ya baiskeli akikuletea gurudumu, anataka kurudi kijiweni kupakia abiria. Hana muda wa kukungoja ukipekua gunia.

Anza na gololi, maana ndizo zinazotutesa. Kwenye baiskeli kubwa za inchi 28, kina Phoenix, gololi za gurudumu la mbele ni za inchi 3/16, za nyuma ni robo inchi. Jioni mwanga ukipungua, utazitofautisha wapi! Ukiichomeka moja kubwa katikati ya ndogo, hiyo peke yake ndiyo inabeba mzigo wote. Itaimomonyoa koni, na mteja atarudi mlangoni kwako amenuna. Tafuta makopo mawili yenye mifuniko, andika MBELE na NYUMA. Andika ubavuni mwa kopo, usiandike juu ya mfuniko, kwa sababu mifuniko hubadilishana.

Vitu vya mteja navyo usivichanganye na akiba yako. Ukifungua gurudumu la mtu, ekseli yake, koni zake na nati zake zikae kwenye bakuli moja hadi baiskeli iondoke.

Spoku zifunge mafungu kwa urefu, ukitumia vipande vya tyubu iliyokufa. Pedeli nazo zifunge jozi jozi. Ya kushoto huzungushwa kinyume, ukibaki na za kulia tupu umepata hasara. Tairi na tyubu haziwezi jua wala mafuta, basi usizirundike darini chini ya bati linalochoma, wala karibu na grisi. Cheni za akiba zipake oili na uzifunge kwenye nailoni. Unyevu wa ziwa huleta kutu upesi.

Na zile friwili zilizokufa ulizoziweka "huenda zikafaa"? Hazifai. Wapelekee wanunuzi wa chuma chakavu, mama apate pa kupita.

Nimeliacha la mwisho makusudi. Mafuta ya taa unayooshea cheni umeyatia kwenye chupa ya soda, sivyo? Wengi wenu mnafanya hivyo. Mtoto mwenye kiu atayanywa. Leo hii yahamishie kwenye dumu lililoandikwa, uliweke juu asikofika, pamoja na solusheni ya viraka, mbali na jiko. Na ikitokea mtoto ameyanywa, usimtapishe wala usimnyweshe maziwa kwa nguvu. Mkimbize hospitali.