Ukipata Barua ya Daktari Bingwa Ukiwa Mjamzito

Somo la afya la toleo hili ni la akina mama wajawazito tulio nao hapa Uingereza. Akina baba nanyi msiruke ukurasa, maana barua tutakayoizungumzia mara nyingi hufunguliwa na baba, au husomwa na mtoto aliyejifunza Kiingereza shuleni, kabla mama mwenyewe hajajua imesema nini.

Mambo huanza hivi. Umeonana na mkunga kwa mara ya kwanza, amekuuliza maswali mengi, amepima presha na kuchukua damu. Umerudi nyumbani salama. Baada ya siku kadhaa inakuja bahasha ya hospitali: unatakiwa kuonana na konsaltanti, yaani daktari bingwa wa uzazi, tarehe fulani, saa fulani. Wengi hushtuka. Kule tulikotoka, uwe ulikuwa kambini Nyarugusu, Kakuma au Nakivale, au kijijini mbali na mji, mama alipelekwa kwa daktari mkubwa mambo yalipokwisha kuwa magumu. Uchungu umeingia siku ya pili, au damu inatoka na gari la wagonjwa halijafika. Kwa hiyo barua ikitaja daktari bingwa, mama huwaza, "Wameona nini tumboni ambacho hawakuniambia?"

Mara nyingi hawajaona kitu. Katika nchi hii mkunga ndiye mwenye kazi ya uzazi. Mwanamke ambaye mimba yake haina matatizo anaweza kuibeba hadi kujifungua bila kuonana na daktari wa hospitali hata siku moja. Ataonana na mkunga kama mara 10 ikiwa ni mimba ya kwanza, na kama mara 7 ikiwa amewahi kuzaa. Lakini mkunga ana orodha ya mambo ambayo akiyasikia anatakiwa amshirikishe daktari: uliwahi kujifungua kwa upasuaji, una presha, kisukari, selimundu au ugonjwa wa moyo, unabeba mapacha, mtoto wako mmoja alizaliwa kabla ya wakati au alifia tumboni, ulitokwa na damu nyingi baada ya kuzaa, una zaidi ya miaka 40, umezaa mara nyingi. Angalia vizuri orodha hiyo. Sehemu yake kubwa ni mambo yaliyokupata zamani. Daktari anakuita mapema, mimba ikiwa bado changa, ili mpango uwepo kabla ya shida.

Ndiyo maana kitu kikubwa utakachokwenda nacho siku hiyo ni historia yako mwenyewe.

Kabla ya siku yenyewe

Soma barua, au upate wa kukusomea, siku hiyo hiyo inapofika. Ikiwa tarehe haikufai, piga simu kwenye namba iliyoandikwa na uombe nyingine. Kutokwenda bila kusema ni kujicheleweshea. Ukiwa umeajiriwa, sheria inakupa ruhusa ya kwenda kliniki ya wajawazito bila kukatwa mshahara. Baba mwenye ajira naye ana haki ya kupewa muda wa kukusindikiza mara mbili, ila mwajiri halazimiki kumlipa kwa saa hizo.

Jambo la haraka zaidi ni mkalimani. Ni bure, na ni kazi ya hospitali kumtafuta, lakini lazima wajue mapema. Mwambie mkunga au upige simu. Sema pia ni Kiswahili kipi. Mama wa Uvira na mama wa Kismayu wote huandikiwa "Kiswahili", kisha wa kwanza anapewa mkalimani asiyeelewa Kiswahili cha Kongo, na wa pili, ambaye nyumbani husema Kibajuni, anaitikia tu kwa heshima. Kama lugha unayoielewa barabara ni Kibembe au Kinyarwanda, taja hiyo.

Wapo wanaoogopa mkalimani kwa sababu mji wetu ni mdogo na Waswahili wake wote wanajuana kanisani au msikitini. Hofu hiyo ina msingi, na ina dawa. Mkalimani wa hospitali amefungwa na sharti la kutunza siri, na unaweza kuomba mkalimani wa kwenye simu, ambaye huenda yuko mji mwingine kabisa wala hakuoni uso. Unaweza pia kuomba mwanamke. Ila usimpeleke mtoto wako wa miaka 12 akutafsirie. Hospitali yenyewe haitaki, na kuna mambo mtoto hapaswi kuyasikia kwa mama yake. Hata mume, pamoja na upendo wake, si mkalimani. Aje akae karibu nawe, tafsiri aifanye mwenye kazi hiyo.

Beba barua, dawa zote unazotumia zikiwa kwenye maboksi yake, karatasi za afya ulizokuja nazo kwenye ule mfuko wa IOM, na mkojo wa asubuhi katika kichupa ulichopewa. Vaa nguo ya vipande viwili ili tumbo liweze kupimwa bila kuvua kila kitu.

Ukifika

Utajiandikisha mapokezi, utasubiri, pengine saa nzima au zaidi. Beba chakula kidogo. Muuguzi au msaidizi wake atapima presha na mkojo. Halafu utaitwa. Usishangae daktari akiwa kijana na jina lake si lile la kwenye barua. Konsaltanti ni mkuu wa timu, na aliye mbele yako ni daktari wa timu hiyo, ambaye humuuliza mkuu wake inapobidi. Anaweza kuwa mwanamume. Unaruhusiwa kuomba daktari mwanamke, ingawa siku nyingine hayupo na itabidi uchague kusubiri au kuendelea.

Kupimwa kwa ndani, kupitia ukeni, si sehemu ya kawaida ya miadi hii. Kukihitajika, daktari ataeleza sababu na kuomba ruhusa, na una haki ya kuwa na mwanamke mwingine wa hospitali chumbani. Ukisema hapana, hapana yako inaheshimiwa.

Maswali ya zamani

Hapa ndipo penye somo. Kwetu watoto hawahesabiwi hesabiwi, na aliyetangulia mbele ya haki hatajwi ovyo. Mama akiulizwa ana watoto wangapi, hutaja walio hai. Daktari hapa anauliza kitu tofauti: umeshika mimba mara ngapi, pamoja na zilizoharibika, pamoja na mtoto aliyezaliwa akafa. Tuchukue mfano wa mazungumzo, kupitia kwa mkalimani.

Daktari: Umewahi kushika mimba mara ngapi, mama?

Mama: Nina watoto wanne.

Daktari: Na nyingine yoyote, hata ambayo haikufika mwisho?

Mama: Ilikuwepo moja. Alizaliwa mwezi wa saba, hakulia.

Daktari: Pole sana, mama. Kabla ya hapo uliumwa?

Mama: Kichwa kiliniuma sana, uso ukavimba. Nikaanguka, nikatetemeka mwili mzima. Nyumbani walisema ni mashetani.

Kwa jibu hilo la mwisho daktari amepata alichokuwa anakitafuta. Yaelekea kilikuwa kifafa cha mimba, ugonjwa unaotokana na presha ya ujauzito, na unaweza kurudi. Presha ya mama huyu leo inaweza kuwa nzuri kabisa, mkojo safi, damu safi. Kama angeishia kwenye "watoto wanne", hakuna kipimo cha siku hiyo ambacho kingemwambia daktari. Sasa atamwandikia dozi ndogo ya aspirini ya kila siku, ambayo kwa kawaida huanza wiki ya 12 na hupunguza uwezekano wa ugonjwa huo. Presha yake itapimwa mara nyingi zaidi, na atapigwa picha za ziada za kuangalia mtoto anavyokua. (Usianze aspirini kwa kumsikia jirani. Mpaka uandikiwe.)

Kuna yale ambayo mume au mama mkwe hayajui: mimba ya kabla ya ndoa, mtoto aliyeachwa kwa bibi, mambo ya vita. Omba dakika chache peke yako na daktari au mkunga. Ombi hilo halishangazi mtu, kwa sababu wakunga wenyewe hutafuta nafasi ya kumwona kila mama peke yake, na humuuliza pia kama nyumbani kuna usalama. Swali la kukeketwa nalo huulizwa wanawake wote. Aliyeshonwa anaweza kufunguliwa wakati wa ujauzito au wakati wa uchungu, na daktari ataeleza lipi linamfaa. Baada ya kuzaa hatashonwa tena kama zamani, kwa kuwa sheria ya hapa inakataza. Ataelezwa pia sheria inayowalinda mabinti.

Taja na dawa za kienyeji. Taja udongo. Tunajua wangapi wetu wanatafuna udongo wa pemba unaouzwa katika maduka yetu, na hakuna wa kucheka. Lakini idara ya usalama wa chakula hapa imewaonya wajawazito kuhusu udongo wa aina hiyo, kwa kuwa umekutwa na risasi, madini yanayomdhuru mtoto. Hamu yenyewe inaweza kuwa dalili ya upungufu wa damu, nayo ina tiba.

Mwenye kovu la upasuaji

Kundi hili ni kubwa, na swali lao ni moja: nitapasuliwa tena? Si lazima. Katika wanawake waliopasuliwa mara moja wakajaribu kuzaa kwa njia ya kawaida, takriban 3 kati ya 4 hufanikiwa, na aliyewahi pia kuzaa kawaida ana nafasi kubwa zaidi. Hatari inayoogopwa ni kovu la ndani kuachia wakati wa uchungu, jambo linalompata takriban mama 1 kati ya 200. Kwa sababu hiyo utashauriwa kujifungulia hospitali yenye chumba cha upasuaji. Ukichagua upasuaji, kwa kawaida hupangwa wiki ya 39 au baadaye.

Uamuzi hutegemea sana jinsi tumbo la uzazi lilivyokatwa. Kovu la kwenye ngozi halionyeshi hilo. Unaweza kuwa na kovu la wima nje na mkato wa kulala ndani, au kinyume chake. Kama kuna ndugu aliyebaki karibu na hospitali ile, mwombe atafute kadi yako au karatasi ya kuruhusiwa, apige picha, atume kwa WhatsApp. Karatasi moja ya Kifaransa yenye doa la chai inaweza kumsaidia daktari kuliko maelezo marefu. Ikikosekana, sema ulipasuliwa kwa sababu gani na mimba ilikuwa na miezi mingapi.

Vipimo, dawa, na neno "ndiyo"

Wengine watapewa kipimo cha kisukari cha mimba, kati ya wiki ya 24 na 28. Unakwenda bila kula tangu usiku, hata chai ya rangi hapana, unatolewa damu, unakunywa maji matamu sana, unakaa saa mbili, unatolewa damu tena. Mwenye selimundu, au mwenye vinasaba vyake, ataambiwa baba wa mtoto naye apimwe. Baba asione amedharauliwa, kwani bila damu yake haijulikani mtoto anaweza kurithi nini. Ukipanga kufunga Ramadhani, liseme hapo.

Hapa England, dawa za kuandikiwa na matibabu ya meno kwa NHS ni bure kwako wakati wa ujauzito na miezi 12 baada ya kuzaa, ukiwa na cheti cha msamaha. Muulize mkunga kama ameshakuombea.

Sasa adabu yetu. Tumelelewa tusimbishie daktari, basi tunasema "ndiyo, ndiyo" mpaka mlangoni, kisha tunamuuliza dada kwenye basi, "Amesema nini?" Hapa "ndiyo" yako huandikwa kama kibali. Usiitoe kabla hujaelewa. Uliza: faida yake nini, hatari yake nini, kuna njia nyingine, na tukisubiri itakuwaje? Unaweza kuomba siku chache za kufikiri. Daktari hatakasirika, na akiwa na haraka, mwambie mkalimani arudie pole pole.

Usisubiri miadi

Miadi ya mwezi ujao haimsaidii mama anayeumwa leo. Kila hospitali ya uzazi ina namba ya simu inayopokelewa usiku na mchana. Piga mara moja ukiona damu, maji yakitoka, kichwa kikiuma sana, macho yakiona vimulimuli au giza, uso au mikono ikivimba ghafla, ukiwa na homa, au mtoto akicheza kidogo kuliko alivyozoea. Kwa hilo la mtoto usingoje asubuhi. Anayeanguka kifafa au kutokwa na damu nyingi, pigia 999. Ukiwa na homa, taja umetoka nchi gani na lini, maana malaria inaweza kujitokeza miezi kadhaa baada ya safari.

Kabla ya kutoka chumbani siku ya konsaltanti, uliza tarehe ya miadi inayofuata na namba hiyo ya simu. Iandike kwenye simu yako, na kwenye simu ya baba.